Goti Halilali Peke Yake: Usingizi na Mwendo kwa Wenye Maumivu ya Viungo

Hotuba kwa wazee, wakulima na wafanyabiashara wa soko, Busia, upande wa Uganda

Wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana mliowasindikiza wazazi wenu, salaam.

Mgonjwa wa goti akiingia kliniki, swali lake huwa moja: "Daktari, sindano ipo?" Goti lenyewe atalieleza kwa kirefu, jinsi linavyolia, jinsi linavyovimba baada ya siku ya soko, jinsi linavyogoma kwenye ngazi. Ukimuuliza usiku analalaje, anakutazama kama umepotea njia. Ukimuuliza anatembea kiasi gani, anajibu kwa fahari kwamba ameacha kabisa kutembea ili alipumzishe. Majibu hayo mawili ndiyo yaliyotuleta hapa. Usiku mbovu na mchana wa kukaa vinalitesa goti kuliko wengi wanavyodhani, na vyote viwili vinarekebishika bila kuuza ng'ombe.

Ugonjwa wenyewe kitaalamu ni ostioathritisi. Mtaani mnauita mifupa kusagana, na wengine huuita baridi yabisi, ingawa jina hilo limebebeshwa magonjwa mengi yasiyofanana. Kila mfupa unapokutana na mwenzake umevikwa gegedu, kitu cheupe, laini na kigumu kwa pamoja, kama kile mnachokiona kwenye mwisho wa mfupa wa kuku. Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake linakipata kutoka kwenye ute wa kiungo: ukikanyaga linaminywa na kutoa uchafu, ukiinua mguu linafyonza ute mpya, mfano wa sponji ya kuoshea vyombo. Kwa hiyo goti lililowekwa juu ya stuli miezi mitatu ni goti lililonyimwa chakula miezi mitatu.

Hapo ndipo mfano wa tairi unapodanganya. Tairi linaisha kwa kutembea. Goti ni nyama hai, linajijenga kwa mzigo unaolifaa na linadhoofika likikosa mzigo.

Jambo jingine: gegedu halina hata mishipa ya fahamu. Maumivu yanatoka kwenye mfupa ulio chini yake, kwenye utando wa ndani wa kiungo, kwenye kano na kwenye misuli iliyochoka kufanya kazi isiyo yake. Ndiyo maana mtu mmoja picha yake ya eksirei inatisha lakini analima nusu eka, na mwingine picha yake ina kasoro ndogo lakini halali. Msiichukue ile picha kama hukumu. Na kwa kuwa nitaulizwa: bamia haziongezi ute wa goti, wala supu ya makongoro, yaani mulokoni yetu. Vyote hivyo vinasagwa tumboni kama chakula kingine chochote. Kuleni kwa utamu wake.

Kabla ya kwenda mbele, tutenganishe ugonjwa huu na mingine. Goti la ostioathritisi huamka limekakamaa, lakini ndani ya dakika 30 hivi huwa limelegea. Ukikakamaa zaidi ya saa nzima, na vidole vya mikono yote miwili vimevimba, huo unaweza kuwa ugonjwa mwingine wenye dawa zake. Goti lililovimba ghafla, likawa la moto, pamoja na homa, ni la kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, maana usaha ndani ya kiungo unaweza kukiharibu kwa siku chache tu. Maumivu yasiyopungua hata ukilala bila kujigeuza, huku unakonda, au nyumbani kuna mtu mwenye kifua kikuu, yanahitaji vipimo. Kijana mwenye selimundu, yaani sickle cell, anayelalamikia nyonga asiambiwe ni baridi. Mfupa wa nyonga yake unaweza kuwa unakosa damu. Na aliyeanguka akashindwa kukanyaga, apigwe picha kwanza.

Sasa turudi usiku.

Ubongo na uti wa mgongo vina breki za maumivu. Mchana kutwa zinapunguza makali ya taarifa zinazotoka kwenye viungo. Usiku ukikatikakatika, breki hizo zinalegea, na kesho yake goti lile lile, likiwa na uvimbe ule ule, linauma zaidi. Mwenye goti linalouma zaidi hatembei. Asiyetembea hafiki jioni na uchovu ule mzuri unaoleta usingizi, na viungo vyake vinakakamaa kitandani. Saa 8 usiku anageuka, goti linamchoma, anaamka, anahesabu nguzo za dari. Huo ni mduara, na faida ya mduara ni kwamba unaweza kuukata popote. Kwa wengi, pa kuukatia kwa urahisi zaidi ni saa ya kuamka.

Nasema kuamka, sisemi kulala. Saa ya kulala hatuimiliki; usingizi huja wenyewe. Saa ya kuamka tunaimiliki. Chagua saa moja, uishike siku zote 7 za wiki, hata baada ya usiku mbaya, hata Jumapili. Sisi tunaoishi karibu na ikweta tumebahatika: jua linachomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima. Ukishaamka toka nje, mwanga wa asubuhi ukupige usoni kwa dakika 20 hadi 30. Mwanga huo ndio unaoipanga saa ya mwili, ili jioni usingizi uje kwa wakati wake. Anayeamka kwa sala ya alfajiri aifanye hiyo ndiyo saa yake, lakini asirudi kitandani baadaye. Kulala vipande viwili, kimoja kabla ya alfajiri na kingine mpaka saa 3, ndiko kunakomfanya mtu akodoe macho usiku unaofuata.

La pili linawashangaza wengi: asiyepata usingizi apunguze muda wa kukaa kitandani. Chukueni mfano. Mama anapanda kitandani saa 2 usiku kwa sababu umeme umekatika na mifupa inauma. Anatoka saa 12 asubuhi. Hizo ni saa 10. Ukizijumlisha zile alizolala kweli, ni 6. Saa 4 nzima amelala na maumivu yake bila usingizi, na mwili umejifunza kwamba kitanda ni mahali pa kuumwa na kuwaza karo ya shule. Basi apewe saa 6 na nusu tu: apande saa 5 na nusu usiku, atoke saa 12 asubuhi. Siku za kwanza atasinzia mchana, hilo linategemewa. Usingizi unalimbikizwa, na ukilimbikizwa unakuja mzito. Wiki ikiisha, kama katika saa hizo 6 na nusu analala kama 5 na nusu au zaidi, arudishe saa ya kupanda nyuma kwa dakika 15. Wiki nyingine 15 tena. Anasimama pale anapoamka akiwa ameshiba usingizi. Kwa watu wazima wengi ni saa 7 au kidogo zaidi.

Msishuke chini ya saa 5 na nusu kitandani, hata kama mnadhani mnalala 4. Na njia hii haimfai kila mtu. Mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa akili unaompandisha na kumshusha, na mzee anayeangukaanguka, wazungumze kwanza na mhudumu wa afya. Dereva wa bodaboda au wa lori hapa mpakani asiianze wiki anayosafiri usiku.

Ukipanda na usingizi usije, ukakadiria dakika 20 zimepita, ondoka kitandani. Kadiria tu, usitazame simu. Ukishaiona saa utaanza hesabu za saa zilizobaki, na hesabu hizo hazijawahi kumlaza mtu. Keti kwenye kiti chenye mgongo, taa hafifu, fanya jambo lisilo na uhondo: chambua maharage, soma sala, nyoosha nguo. Kope zikiwa nzito rudi. Najua wengi mna chumba kimoja na watoto wamelala sakafuni. Basi kiti kando ya kitanda kinatosha, mradi usiwe umelala. Kinachoharibu mpango huu ni huruma: usiku wa tatu mtu anajiambia leo nimechoka sana, ngoja nilale saa 2. Wiki nzima inamwagika.

Kulala mchana kunaruhusiwa, lakini dakika 20 hadi 30, na kabla ya saa 9 alasiri. Chai ya majani na kahawa zikome saa 8 au 9 mchana. Hata zikipita saa 5 hivi tangu unywe, nusu ya kafeini, ile dawa ya kuamsha iliyomo kwenye chai na kahawa, bado iko mwilini, na kwa wazee wengine hukaa zaidi. Mnaolima kahawa msinikasirikie. Waragi na malwa huleta usingizi upesi na kuuvunja upesi: pombe ikishakwisha kwenye damu, usiku wa manane, mtu anaamka na kiu, mkojo na goti. Kesha za kanisani, muziki wa baa na pikipiki za mpakani ni shida ya kweli, na pamba masikioni haimalizi yote. Ukienda kesha, rudi kwenye saa yako ya kuamka siku hiyo hiyo, usilipe deni kwa kulala mpaka adhuhuri.

Wengi hamwamshwi na goti, mnaamshwa na mkojo, halafu goti linadandia. Anayekunywa dawa ya presha ya kukojoza aulize kama anaweza kuinywa asubuhi badala ya jioni. Maji mengi yanywewe mchana, baada ya saa 1 usiku yapunguzwe. Mguu uliovimba inueni kwa muda wa saa moja au mbili jioni kabla ya kulala, ili maji yale yashuke kwenye mkojo mapema. Choo kikiwa uani, tochi na ndoo yenye kifuniko chumbani vitaokoa nyonga yako. Wazee huvunjika kwenye safari hizo za gizani. Anayekoroma mpaka pumzi inasimama, kisha anashtuka kama aliyekabwa, ana ugonjwa wa pumzi usingizini. Hapo saa ya kuamka peke yake haitatosha. Apelekwe kwa daktari.

Kuhusu jinsi ya kulala, kuna kosa moja tunaloliona kila wiki: mto chini ya goti usiku kucha, ukilala chali. Unatuliza, ndiyo. Lakini goti lililokunjwa saa 7 kila usiku linaanza kukataa kunyooka, na goti lisilonyooka linamfanya mtu atembee kwa kuchechemea na kuuchosha mgongo. Uweke dakika 10 maumivu yapoe, kisha uuondoe. Lala ubavu, ubavu usiouma ukiwa chini, na blanketi lililokunjwa nene uliweke katikati ya mapaja mpaka kwenye vifundo, ili goti la juu lisianguke na kuivuta nyonga. Kifundo kikibaki kinaning'inia, hujapata kitu. Ukitaka kugeuka, kunja magoti yote mawili kwanza, uyabane pamoja, ugeuke kama gogo. Godoro la sponji likishafanya bonde katikati, usiku mzima nyonga inapanda kilima. Ligeuze kichwa kwa miguu kila mwezi. Bonde lisipojaa, wakati wa godoro jingine umefika. Bonyeza ngumi katikati kabla ya kununua: ikigusa ubao kirahisi, liache dukani.

Na asubuhi, kabla hujaweka mguu chini, buruta kisigino kuelekea matakoni na kukirudisha mara 20 kila mguu. Ni dakika 2. Ute unasambaa, na hatua ya kwanza haitakuwa kama ya kukanyaga misumari.

Dawa. Parasetamoli vidonge 2 vya miligramu 500, nusu saa au saa moja kabla ya kulala, humsaidia mtu mmoja mmoja. Usizidishe vidonge 8 kwa siku, na mwenye mwili mdogo sana, mnywaji wa pombe au mgonjwa wa ini apewe kiasi pungufu na mhudumu. Diklofenaki na ibuprofeni zina nguvu zaidi na madhara zaidi: zinatoboa tumbo, zinapandisha presha, zinaumiza figo, hasa kwa mzee anayetumia dawa za presha. Zinywewe baada ya chakula, kwa siku chache, na kamwe zisichanganywe mbili kwa pamoja. Kwa goti, jeli ya diklofenaki ya kupaka ni chaguo bora la kuanzia, kwa sababu kidogo sana huingia kwenye damu. Ipake kwa siku kadhaa mfululizo kama karatasi yake inavyoelekeza. Kupaka mara moja na kuilaumu si haki.

Lakini kinachotutia hofu ni vile vidonge vya rangirangi vinavyofungwa pamoja kwenye karatasi isiyo na jina. Mtu anasema, "Nilipewa dozi ya siku tatu, nikaruka." Mara nyingi kilichomrusha ni deksamethasoni au prednisoloni, dawa kali za steroidi za kushusha uvimbe. Ni dawa za haki mahali pake, ila katika pakiti ile zinamletea kukesha usiku kucha, sukari na presha kupanda, uso kuvimba na, zikinywewa muda mrefu, mifupa kuwa myepesi. Kisha anarudi dukani kulalamika hapati usingizi, anauziwa kidonge cha nne. Dai jina la kila kidonge. Na kama umezitumia kwa wiki nyingi, usizikatize ghafla. Nenda kituo cha afya wakupangie kuzipunguza.

Tuje kwenye mwendo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima afikishe dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, siku 2 au zaidi za kuimarisha misuli, na wenye miaka 65 kwenda juu waongeze mazoezi ya kujizuia wasianguke siku 3. Mwendo wa wastani ni ule unaoweza kuongea lakini kuimba hukuwezi. Mtu atasema: mimi nalima, nabeba, hayo yananihusu nini? Yanakuhusu. Kulima ni mzigo mkubwa siku chache na kisha kuanguka kitandani siku nne. Goti halipendi mtindo huo wa karamu na njaa. Mvua zikianza mtu analima kwa saa 6 mfululizo kwa sababu siku hiyo anajisikia vizuri, goti linavimba, anakaa wiki nzima, msuli unapungua, na siku ya pili ya kulima anaumia mapema zaidi. Kila mzunguko unamwacha chini kidogo ya alipokuwa.

Dawa ya hilo ni kuanza na kipimo chako mwenyewe. Siku 3 tofauti, tembea mahali pa tambarare na uangalie ni dakika ya ngapi maumivu yanapanda kwa alama 2. Tunahesabu alama 0 mpaka 10: sifuri hauumwi kabisa, 10 ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kufikiria. Tuseme umepata dakika 12, 8 na 10. Wastani ni 10. Wewe anza na 8. Tembea dakika 8 asubuhi na 8 jioni, kila siku, ukijisikia vizuri au vibaya. Siku nzuri usizidishe. Hapo ndipo watu wanaposhindwa. Kila wiki ongeza dakika 1 au 2 kwa kila safari. Baada ya miezi 3 unaweza kuwa unatembea dakika 25 mara mbili, na hukuwahi kulala kwa ajili ya goti.

Je, maumivu wakati wa mazoezi ni ya kuogopa? Mpaka alama 5 yanavumilika, kwa masharti mawili: yasikubadilishe mwendo ukaanza kuchechemea, na kesho muda kama huo yawe yamerudi yalipokuwa. Yakibaki juu baada ya saa 24, au goti limevimba, hukuvunja kitu, ulizidisha kipimo. Punguza kwa robo, siyo kuacha.

Kutembea peke yake hakutoshi. Msuli wa mbele wa paja ndio shokomzoba ya goti, na kwa mwenye maumivu hunyauka upesi. Siku 3 kwa wiki, na siku ya mapumziko katikati, fanyeni hivi. Chukua kiti kigumu chenye urefu wa sentimita 45 hivi, kiegemeze ukutani kisiteleze. Kaa nusu ya mbele. Miguu upana wa mabega, visigino nyuma kidogo ya magoti. Inama mpaka pua ipite vidole vya miguu, kisha simama ukihesabu 1, 2, 3, na keti ukihesabu 1, 2, 3. Usijitupe, kule kushuka polepole ndiko kunakojenga msuli zaidi. Goti lielekee kidole cha pili cha mguu. Likiangukia ndani, kama yanavyofanya ya akina mama wengi, funga kitambaa kuzunguka mapaja juu ya magoti na ukisukume nje unaposimama. Mara 8, pumzika dakika 1, mara 8 tena. Ukishindwa kusimama bila mikono, ongeza blanketi mbili juu ya kiti. Kiti kirefu ni rahisi zaidi. Ukifika mara 12 kwa mizunguko 3 bila jasho, toa blanketi, kisha ushike jerikeni ya lita 3 kifuani.

Goti lililovimba lisiloweza hayo lianze kitandani: nyoosha mguu, weka taulo iliyokunjwa chini ya kifundo, ubonyeze goti chini kana kwamba unalibandika godoroni, shikilia sekunde 5, legeza. Mara 10, mara 2 kwa siku. Hilo pia linarudisha ule unyookaji tuliousema. Baadaye kaa kitini, nyoosha mguu mbele na kuushusha, pakiti ya chumvi ya nusu kilo ikiwa imefungwa kifundoni kwa kitambaa. Kwa nyonga, shika meza, mwili wima, upeleke mguu pembeni bila kuinamisha kiuno, mara 10 kila upande; ukiinamisha kiuno msuli unaoukusudia unakwepa kazi. Kisha simama kwa vidole na kushuka, mara 10. Mwisho, kando ya ukuta, simama kwa mguu mmoja sekunde 10. Yote hayo hayafiki dakika 25.

Yafanyeni saa yoyote inayowafaa, ila mazoezi mazito yaishe saa moja au mbili kabla ya kitanda. Safari ya asubuhi ina faida mbili, maana inakupa mwanga tuliousema. Msitegemee ajabu wiki ya kwanza. Misuli inahitaji wiki 6 hadi 12. Denmark walianza mpango wao wa goti na nyonga mwaka 2013, unaoitwa GLA:D, na wao humpa mgonjwa mafunzo kisha mazoezi mara 2 kwa wiki kwa wiki 6, bila mashine za bei. Viti tunavyo na sisi.

Bado kuna mambo ya nyumbani ambayo daktari wa mji mkubwa hakuulizi. Jerikeni ya lita 20 ni kilo 20 juu ya shingo na magoti. Beba 2 za lita 5, moja kila mkono, safari zikiongezeka ziingie kwenye dakika zako za kutembea. Au ipande baiskeli. Sigiri iinuliwe juu ya matofali mpaka mama apike akiwa amekaa kwenye kiti cha kawaida. Kile kistuli kifupi cha jikoni ni adui. Jembe liwe na mpini mrefu unaofika kifuani. Lima dakika 20, palilia kwa kukaa dakika 20, na saa ikupangie, siyo mstari wa shamba. Choo cha shimo kinatengenezewa kiti cha mbao kilichotobolewa katikati, na mti imara wa kushika ukutani. Fundi wa kijiji anakimaliza asubuhi moja.

Kupiga magoti kuamkia wakubwa ni adabu yetu na hatuji kuifuta hapa. Ukishuka, shika kitu, weka kitambaa kinene chini, na goti linalouma ndilo litangulie kugusa chini. Ukiinuka, mguu wenye nguvu ndio utangulie mbele na kukusukuma. Lakini mama wa miaka 65 akiinama tu na kuitika kwa sauti ya heshima, mkwe aridhike. Mwislamu anaweza kusali juu ya kiti, akiinamisha kichwa kwa sujudi zaidi kuliko kwa rukuu; dini imeruhusu mgonjwa.

Fimbo ishikwe mkono ulio mkabala na goti linaloumwa. Goti la kulia, fimbo mkono wa kushoto. Wengi mnaishika upande ule ule na inawapotosha kiuno. Urefu wake uishie kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono ukiwa umesimama na mkono umening'inia. Kwenye ngazi: kupanda, mguu mzuri utangulie, kushuka, mguu mbaya.

Uzito nausema kwa ufupi kwa sababu mmeshausikia. Wataalamu walipopima, kilo 1 iliyopungua mwilini iliondoa kama kilo 4 kwenye goti kwa kila hatua. Kilo 5 ni jambo kubwa. Anzeni na sukari kwenye chai, soda, na chapati ya tatu.

Nunueni daftari dogo. Kila asubuhi andikeni mistari minne: nilipanda saa ngapi, nilitoka saa ngapi, nadhani nililala saa ngapi, na jana nilitembea dakika ngapi. Alama ya maumivu iandikwe jioni mara moja tu. Anayelipima goti kila saa hulisikia kila saa. Ukienda kituo cha afya, au kwa wataalamu wa fiziotherapia kwenye hospitali za rufaa za mikoa, beba daftari hilo.

Sasa viti vile vitatu vigumu viletwe mbele, viegemezwe ukutani. Kila anayetaka atapimwa anasimama na kuketi mara ngapi kwa sekunde 30, mikono ikiwa imekunjwa kifuani. Asiyeweza bila mikono aandikiwe 0, asione haya. Andikeni namba hiyo ukurasa wa kwanza, pamoja na tarehe ya leo, na mjipime tena baada ya wiki 6. Mwenye goti lililovimba au kizunguzungu abaki amekaa. Huyo tutamwendea alipo.